Nyama za Puani kwa Watoto: Kukoroma Kila Usiku Hakutibiwi kwa Chupa Nyingine ya Antibiotiki

Nyama za puani ni nini?

Ni tishu za kinga zilizoko nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, ambazo wataalamu huziita adenoidi. Kila mtoto huzaliwa nazo, hivyo kuwa nazo si ugonjwa. Hukua katika miaka ya mwanzo, huwa kubwa zaidi kati ya umri wa miaka 3 na 7, kisha husinyaa taratibu mtoto anapoelekea kubalehe. Tatizo huanza zinapovimba hadi kuziba njia ya hewa, au kuziba mlango wa mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati. Haziwezi kuonekana kwa kummulika mtoto puani kwa tochi, wala kwa kumpanua kinywa, kwa hiyo anayekuambia amezichungulia kwa tochi ya simu ameona kitu kingine.

Bakteria wanahusika vipi?

Mara nyingi virusi vya mafua ndivyo vinavyotangulia, navyo huvimbisha njia ya pua na kuzuia kamasi zisitoke. Kamasi zilizotuama huwapa nafasi bakteria kama *Streptococcus pneumoniae*, *Haemophilus influenzae* na *Moraxella catarrhalis*, ambao ndio hao hao wanaoongoza katika maambukizi ya sikio la kati kwa watoto. Wakikaa muda mrefu hujenga utando wa ute juu ya nyama zile na kujificha ndani yake. Antibiotiki huwaua walio nje ya utando, mtoto akapata nafuu ya siku chache, na dozi ikiisha waliosalia huzaliana upya. Nyama zilizovimba nazo huzuia kamasi zisitoke, na kamasi hizo huendelea kuwalisha bakteria. Mzunguko huu ndio unaowafanya wazazi wengi waamini kwamba mtoto wao ana mafua yasiyopona.

Mwanangu anakoroma sana. Je, si dalili kwamba amelala usingizi mzito?

Hapana. Mtoto anayekoroma kila usiku, wakati hana mafua, huenda anapigania hewa. Wazazi hutueleza jambo hili kliniki wakitabasamu, kwamba mtoto anakoroma kama babu yake, na sisi hulazimika kuwaomba waache kutabasamu na watusikilize.

Usiku wa leo, mtoto akishalala, mvue shati na umtazame kwa dakika kumi ukiwa na mwanga wa kutosha. Angalia kishimo kilicho chini ya koo, juu tu ya mfupa wa kifua, na uangalie mbavu zake. Ukiona kishimo hicho kinabonyea na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au ukiona kifua kinahangaika lakini hakuna sauti wala hewa inayopita kinywani, kisha anashtuka, anajigeuza na kuvuta pumzi kwa nguvu, basi mtoto huyo anakatika pumzi usingizini. Mrekodi kwa simu, kwa sababu video ya dakika moja humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Mtoto wa aina hii pia hulala kichwa amekirudisha nyuma, hutokwa jasho jingi usiku, hulowesha mto kwa mate, na wengine waliokwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Asubuhi huamka amechoka, na shuleni hulaumiwa kwa uvivu au utundu.

Narudia kwa sababu hapa ndipo muda unapopotea: kukoroma kila usiku pamoja na kukatika pumzi si mafua wala si usingizi mzito, na wala si jambo la kungoja likizo ya shule. Mpeleke hospitali wiki hii. Hali hii ikiachwa kwa muda mrefu hudumaza ukuaji, na kwa baadhi ya watoto huongeza shinikizo katika mishipa ya mapafu hadi upande wa kulia wa moyo ukashindwa kufanya kazi yake.

Kamasi zikiwa za kijani si lazima ninunue antibiotiki?

Si lazima. Mafua ya virusi nayo hugeuza kamasi kuwa za njano au za kijani baada ya siku chache, kisha hupona yenyewe. Antibiotiki zina nafasi yake pale daktari anapoona dalili za maambukizi ya bakteria: kamasi na kikohozi vilivyozidi siku 10 bila nafuu yoyote, hali iliyoanza kuwa nzuri kisha ikageuka kuwa mbaya, au homa ya nyuzi 39 na zaidi pamoja na usaha puani kwa siku 3 au 4 mfululizo. Kamasi zenye harufu mbaya zikitoka tundu moja tu la pua, mara nyingi mtoto ameingiza kitu humo, kama punje ya haragwe, shanga au kipande cha sponji, na hakuna dawa ya kunywa itakayokitoa.

Chupa ya kwanza ilimsaidia. Kwa nini nisinunue nyingine?

Kwa sababu ile ya kwanza haikuondoa kizuizi, na ya pili haitakiondoa. Akina mama hufika kliniki wakiwa na mfuko wenye chupa za sirapu, nyingine zimeishia nusu kwa kuwa mtoto alipata nafuu siku ya tatu, nyingine za ndugu yake mkubwa, na zote zilinunuliwa bila mtoto kupimwa. Kwa kufanya hivyo mzazi humfundisha bakteria kuizoea dawa, na siku mtoto atakapopata nimonia, dawa aliyoitegemea inaweza isifanye kazi. Naomba muuza dawa naye alisome hili: mtoto aliyerudi dukani kwako kwa tatizo lile lile la pua anahitaji kupimwa, hivyo usimuuzie chupa nyingine, mwelekeze hospitali.

Nimeshauriwa akakatwe kimeo. Nifanye hivyo?

Usifanye. Kimeo hakizibi pua, hakileti kikohozi na hakina uhusiano wowote na nyama za puani. Tunapokea watoto waliokatwa kimeo kwa wembe wakiwa wamepoteza damu nyingi, au wakiwa na maambukizi ya koo, ilhali pua imeziba vile vile. Wembe uliotumika kwa zaidi ya mtoto mmoja unaweza kuambukiza virusi vya ukimwi na homa ya ini, na kidonda chake kinaweza kuingiza pepopunda. Anayekushauri hivyo anaweza kuwa mama mkwe unayemheshimu sana. Mheshimu, lakini mtoto usimpeleke. Dawa za majani za kudondosha nyama za puani nazo usizikubali, kwani zinaweza kuunguza ngozi laini ya ndani ya pua.

Na matone ya kuzibua pua?

Matone ya maji ya chumvi ni salama na yanasaidia. Yale yenye dawa ya kubana mishipa ya damu hayafai kwa mtoto mdogo bila maelekezo ya daktari, na yakitumika zaidi ya siku chache pua huziba kuliko mwanzo.

Masikio yanahusikaje?

Mrija wa sikio ukizibwa, majimaji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto husikia kwa shida bila kulalamika maumivu yoyote. Huongeza sauti ya runinga, haitikii akiitwa kwa nyuma, na mdogo zaidi huchelewa kuongea. Kabla ya kumwadhibu kwa ukaidi, mpime usikivu. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta ya kupikia wala maziwa ya mama.

Hospitali watamfanyia nini?

Anza na hospitali ya wilaya, ambako atapewa rufaa kwa daktari wa pua, koo na masikio. Madaktari hao wanapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na pia katika baadhi ya hospitali za mikoa. Daktari atamtazama kwa kamera nyembamba inayopita puani, au ataagiza picha ya eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu. Kama uvimbe si mkubwa na pumzi haikatiki, atampa dawa ya kupuliza puani itumike kwa wiki kadhaa, na atashughulikia mzio kama upo. Dawa hiyo haileti nafuu kwa siku mbili, hivyo usiiache njiani ukarudi dukani. Moshi wa sigara na wa jiko la mkaa ndani ya chumba anacholala mtoto uondolewe kabisa.

Je, si bora nisubiri akue, kwani umesema nyama zitasinyaa?

Anayepumua vizuri usiku na kusikia vizuri anaweza kusubiri chini ya uangalizi. Anayekatika pumzi hawezi kusubiri, kwa sababu miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ambayo ubongo, uso na meno yake vinakua. Mtoto anayepumulia mdomo kwa miaka mingi anaweza kurefuka uso, kaakaa likapanda juu na meno yakabanana, na mabadiliko hayo hayarudi yenyewe nyama zikisinyaa.

Upasuaji ukoje?

Mtoto hupewa dawa ya usingizi, nyama huondolewa kupitia kinywani bila kidonda cha nje, na kwa kawaida kazi yenyewe haizidi nusu saa. Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kabla ya hapo mweleze daktari kama mtoto ana selimundu (sikoseli), au kama katika familia kuna mtu anayetokwa damu isiyokatika upesi. Kinga ya mwili haipotei, kwa kuwa tishu nyingine nyingi hufanya kazi hiyo. Kwa mtoto aliyepasuliwa akiwa mdogo sana, nyama zinaweza kuota tena, ingawa si kwa wengi.

Harufu mbaya ya kinywa kwa takribani wiki moja ni ya kawaida. Damu mbichi inayotoka puani au kinywani, au mtoto anayemeza mate mara kwa mara akiwa usingizini kisha akatapika damu, si kawaida, na hapo arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Tumepangiwa tarehe ya mbali. Tufanye nini kwa sasa?

Mlaze kwa ubavu, msafishe pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala, na endelea na dawa ya kupuliza uliyopewa. Pumzi ikikatika mara nyingi zaidi kuliko awali, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au mtoto akiwa mgumu kuamka, usingoje tarehe hiyo: mpeleke idara ya dharura na uwaonyeshe ile video.