Marathoni Mwanza: yanayosemwa kijiweni na yaliyo kweli

Kila mbio kubwa zinapokaribia, vikundi vya jogging vya Mwanza hujaa watu wapya, na kila mpya hupokelewa na washauri kumi. Huyu anasema usinywe maji, yule anasema kunywa mpaka ujae. Wengi wana nia njema. Shida ni kwamba tunamwona bingwa kwenye runinga siku ya mashindano, tunaiga kasi yake na viatu vyake, na ile miezi yake ya kukimbia taratibu hatukuiona.

Tuanze na lililo jepesi. Huku kwetu kila mbio ni "marathoni", hata ya kilomita tano ya kuchangia madawati. Hakuna ubaya, ila marathoni yenyewe ni kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kuwekwa rasmi mwaka 1921. Nusu yake ni kilomita 21 na kidogo. Aliyemaliza "marathoni" ya tano akajiandikisha kwenye 42 ya mwezi ujao hajui anachokiendea. Mtu anayemudu kilomita 10 bila taabu anahitaji wiki 16 hadi 20 za kujiandaa. Anayeanzia sifuri aongeze miezi.

"Mbio ni za watu wa Mbulu na Singida, sisi wa ziwani tuvue samaki"

Ni kweli wakimbiaji wetu wa marathoni John Stephen Akhwari ametoka Mbulu na Alphonce Simbu ametoka Singida. Ni kweli pia kwamba kuishi juu milimani kunaongeza chembe nyekundu za damu, na ndiyo maana wanariadha wa kulipwa hupanda hadi mita 2,000 na zaidi. Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa anayewania medali hiyo ni tofauti kubwa. Kwa mwalimu wa Nyegezi au muuza vipuri wa Buzuruga anayetaka kumaliza kwa saa nne na nusu, kinachoamua ni wiki ngapi mfululizo ametoka kukimbia.

"Ukirudi hujachoka hoi, hukufanya mazoezi"

Hii ndiyo dhana inayoharibu wengi, nami ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtu anatoka Jumatatu kwa kasi, Jumanne kwa kasi, Jumatano anachechemea, wiki inayofuata humwoni tena. Anasema mbio hazimfai.

Kinachohitajiwa na marathoni hujengwa kwenye mwendo mwepesi: moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unajifunza kuchoma mafuta ili uuweke wanga kama akiba. Yote hayo yanahitaji muda mrefu wa kukimbia, na muda mrefu haupatikani kwa mtu anayehema kama anafukuzwa. Katika kila mazoezi matano, manne yawe mepesi. Mabingwa wenyewe hufanya hivyo. Asubuhi za kawaida wanaanza taratibu kiasi kwamba wewe na mimi tungeweza kuwafuata kilomita ya kwanza.

Kipimo cha mwendo huo tunacho tayari, wala hakihitaji saa ya bei mbaya. Kikundi kikipandisha wimbo, kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, na viatu vinagonga lami kwa pamoja. Ukiweza kuitikia kiitikio chote bila kukatika pumzi, uko kwenye mwendo sahihi. Ukiona unaitikia neno la mwisho tu, punguza. Wanaowacheka wanaokimbia wakiimba ("hao wanacheza, hawafanyi mazoezi") hawajui kwamba hicho ndicho kinachofanya kazi.

Mazoezi ya tano ndiyo ya kujikaza: dakika 20 hadi 30 za mwendo mgumu kidogo, au vilima. Na vilima Mwanza havinunuliwi. Isamilo, Bugando, kuzunguka Capri Point, ukitaka kupanda utapanda. Wapo wanaovikwepa kwa kusema vinaua miguu. Kupanda hujenga nguvu. Kinachouma ni kushuka, kwa sababu misuli ya paja la mbele inabeba uzito huku ikivutika. Ndipo asubuhi ya pili unashuka ngazi kinyumenyume. Watu husema hiyo ni "asidi" iliyobaki kwenye miguu. Si kweli, laktiki asidi huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kusimama. Maumivu ya kesho yake ni michubuko midogo ya nyuzi za misuli, na inapona yenyewe kwa siku chache.

Hata siku ya mbio kasi ya mwanzo ni mtego. Mwaka 2025 kule Tokyo, kwenye mashindano ya dunia, Simbu alitwaa dhahabu kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, wakatenganishwa kwa picha. Hakushinda kwa kutoka mbele kilomita ya kwanza. Kwa mtu wa kawaida, kilomita tano za mwanzo ziwe nyepesi mpaka ajishuku.

"Lazima uzikimbie 42 zote mazoezini kwanza"

Hapana. Mbio ndefu ya mazoezi huishia kilomita 30 au 32, na kwa anayekwenda taratibu inatosha akifika saa tatu au tatu na nusu, hata kama kilomita hazijafika hapo. Ukizidisha, faida ni ndogo, na mwili utakudai wiki nzima ya kupona, yaani unapoteza mazoezi manne ili ujisifu kwa moja. Kinachohesabika ni jumla ya wiki, iongezwe kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu ipunguzwe moja ili mwili upumue.

Wiki mbili au tatu za mwisho kilomita zinashuka. Hapo ndipo watu wanapata hofu. Jumapili moja kabla ya mbio utamkuta mtu barabara ya uwanja wa ndege anajipima kwa kilomita 35, "nione kama niko tayari". Alikuwa tayari mpaka alipotoka nyumbani asubuhi hiyo.

Na kama unatoka saa 11 alfajiri, kumbuka jua letu mara nyingi huchomoza saa 12 na nusu imeshapita. Vaa kitu kinachong'aa. Bodaboda hawana dhana potofu juu yako, hawakuoni tu.

"Vaa jaketi, jifunge nailoni tumboni, mafuta yatoke"

Kinachotoka ni maji. Ukinywa, uzito unarudi. Jasho linapoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu kiasi kwamba tayari linakauka kwa shida. Ukiongeza nailoni umejifunika mfuniko. Wanaozimia barabarani hawazimii kwa uvivu.

Kuhusu maji kuna makosa mawili yanayotazamana. La kwanza ni la wazee wa mpira: ukinywa njiani utashikwa na kichomi. La pili ni la siku hizi: kunywa kila kituo, hata kama huna kiu. La pili linaweza kuua. Maji mengi kupita kiasi yanashusha sodiamu (chumvi) kwenye damu, na dalili zake (kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa) watu huzidhani ni upungufu wa maji, wakakuongezea mengine. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokaa muda mrefu njiani na kumaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Kunywa ukisikia kiu. Basi.

"Ugali unakufanya mzito, kula nyama upate nguvu"

Nguvu ya marathoni ni wanga. Mwili unauhifadhi kwenye misuli na ini, na akiba hiyo kwa wengi hukauka karibu na kilomita ya 30. Miguu inageuka magogo, hata kuongea kunakuwa kazi. Kwa hiyo siku mbili za mwisho ugali, wali na viazi vitamu viongezeke sahanini. Sato wa kuchemsha akae pembeni. Maharage na sangara wa kukaanga wasubiri mpaka umalize, kwa sababu mafuta na gesi havimpendi mtu anayerukaruka saa nne.

Njiani unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Jeli za pakiti zinauzwa ghali, lakini ndizi mbivu kubwa moja inakaribia 30, na chupa ya soda iliyotikiswa ikatoka gesi inazidi hapo. Usukumani tuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani: ni wanga mtupu, hayaharibiki, yanakaa mfukoni. Yakate vipande vidogo usiku, maana yakiwa makavu taya litachoka kabla ya miguu. Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza kwenye mbio ndefu za Jumapili. Tumbo nalo linafundishwa.

"Bila raba mpya ya milioni huendi popote"

Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu. Wanaolipenda jambo hilo husahau kwamba mwaka 1964 alishinda tena Tokyo akiwa amevaa viatu, kwa muda mfupi zaidi. Usitupe raba, na usiuze kiwanja kuinunua.

Wengi wetu tunachagua mitumba soko la Mlango Mmoja. Inawezekana, mradi usinunue kwa macho. Muuzaji ameshaisugua juu ikang'aa, lakini sponji ya soli ndiyo inayozeeka. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa mikunjo, imekwisha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiinamia upande mmoja, hiyo imeshakanyagwa na mguu wa mtu mwingine. Nzuri hudumu kilomita 500 hadi 800. Na usiivae mara ya kwanza siku ya mbio.

Magoti? Wakimbiaji wa kawaida hawaumwi baridi yabisi ya magoti na nyonga kuliko wasiokimbia. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2017 ziliwakuta na asilimia 3.5 dhidi ya 10 ya wanaokaa tu. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki kabla ya kuanza "ili usisikie" viache, vinaumiza figo zilizokwisha kupungukiwa maji. Na dada unayeambiwa kizazi kitashuka: Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. La kuangalia ni hedhi. Ikikatika, mara nyingi unakula kidogo kuliko unavyokimbia. Ongeza chakula na umwone mtaalamu.

"Ukimaliza, ingia ziwani upoze miguu"

Hii ni yetu wenyewe. Maji yapo hatua mbili, miguu inawaka, nani asiingie? Tunaambiana kichocho kiko kwenye madimbwi na majaruba, ziwa lina mawimbi. Kichocho cha tumbo kimo pwani ya Ziwa Viktoria, tena kwa wingi, kwa sababu konokono wanaokibeba wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale unapoingilia. Mabuu yake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache, na huwa mengi jua likishapanda, yaani saa ambayo mkimbiaji wa mbio ndefu ndiyo anamaliza. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Tumia ndoo ya maji ya bomba.

Aliyekwisha kuingia asikimbilie maabara kesho yake, maana mayai hayaonekani mpaka minyoo ikomae. Apeleke choo kupimwa baada ya wiki sita hadi nane, na akikutwa nacho atapewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, kwa uzito wake. Ameze akiwa ameshakula, na siku hiyo asitoke kukimbia, kwani kizunguzungu chake ni cha kawaida.