Kustaafu kando ya Ziwa Chapala: yanayosemwa na yalivyo

Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kusini mwa Guadalajara kuna Chapala, ziwa kubwa la asili kuliko yote ya Mexico. Kwenye ukingo wake wa kaskazini, miji ya Chapala na Ajijic imejaa wastaafu kutoka Marekani na Kanada. Chama chao kikongwe, Lake Chapala Society, kipo tangu 1955. Siku hizi hata Waswahili waliokula chumvi nyingi Marekani wanaulizana habari za huko, kwa sababu pensheni haitoshi kodi ya nyumba Seattle wala Boston. Kuulizana ni vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni majibu wanayopeana, kwa sababu mengi ni nusu kweli, na nusu kweli inaweza kumfilisi mzee.

"Dola elfu moja kule ni utajiri"

Mwaka 2020 dola moja ilifika peso 24 na zaidi. Kufikia 2023 ilikuwa ikipata peso 17 hivi. Mzee yuleyule, na pensheni ileile ya dola 1,000, alitoka kwenye peso 24,000 akabaki na 17,000, na mwenye duka hakumpunguzia bei. Nyumba nyingi za Ajijic, tena, hutangazwa kwa dola kabisa, kwa kuwa wanaozitafuta ni wageni.

Unafuu upo, ila uko upande wa maisha ya wenyeji. Kila Jumatano kuna gulio Ajijic: parachichi, maembe, maharage, nyanya, vyote vya kupimiwa kwa kilo na kulipiwa kwa peso. Anayekula hivyo, akapanda basi na kukaa mtaa usiotazama ziwa, hela yake inafika mbali. Anayetaka bwawa la kuogelea, gari kubwa na vyakula vya makopo kutoka Marekani atalipa bei za Marekani.

Msaidizi wa nyumbani naye ana sheria yake. Mwajiri anatakiwa kumwandikisha IMSS, ambao ni mfuko wa hifadhi ya jamii unaotoa pia matibabu, na kabla ya tarehe 20 Desemba ampe aguinaldo, bonasi isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa aliyefanya kazi mwaka mzima. Ukimwachisha kazi bila sababu ya kisheria unadaiwa fidia. Gharama hizo ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na ni haki yake.

"Medicare itanifuata"

Haitakufuata. Isipokuwa katika hali chache sana, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipi matibabu nje ya Marekani. Ukiacha kulipia Part B, sehemu yake ya kulipia madaktari, ili uokoe hela, kisha ukaugua na kutaka kurudi, utatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila kulipia, na kwa kawaida nyongeza hiyo ni ya maisha. Upande wa Mexico, mkaazi halali anaweza kujiunga na IMSS kwa hiari kwa ada inayopanda kadiri umri unavyopanda, lakini yapo magonjwa ambayo ukija nayo hupokelewi, na mengine hayatibiwi mpaka muda fulani upite. Kampuni binafsi za bima nazo huweka kikomo cha umri wa kujiunga. Mwenye kisukari na presha afanye hesabu hii kabla hajaanza kutazama picha za nyumba.

Madaktari wenyewe ni wazuri. Guadalajara ni jiji la mamilioni lenye hospitali kubwa na shule za udaktari, na kung'oa jino au kumwona daktari kwa fedha taslimu ni nafuu sana kuliko Marekani. Kinachovunja watu ni lile jambo kubwa moja: moyo, kiharusi, nyonga iliyovunjika. Hospitali binafsi kwa kawaida hutaka amana au uthibitisho wa bima kabla ya kulaza mgonjwa. Kubalianeni mapema nyumbani nani atakupeleka Guadalajara usiku wa manane, na kadi ya benki itakayotolewa pale dirishani ni ya nani.

"Ingia kama mtalii, mengine utayapanga hukohuko"

Mtalii hupewa hadi siku 180, na ofisa wa uhamiaji anaweza kuandika chache kuliko hizo. Ukaazi wa mstaafu kwa kawaida huanzia kwenye ubalozi mdogo wa Mexico ulioko nje ya Mexico, kwa taarifa za benki zinazoonyesha kipato au akiba. Ukishaingia una siku 30 za kuanza kubadilisha visa iwe kadi ya ukaazi.

Kwa watu wetu kuna jambo zito zaidi. Wengi wana grini kadi tu, uraia hawajachukua. Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali maalumu cha kurudi, unaweza kuhesabiwa umeacha ukaazi wako. Malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali ya Marekani, kwa asiye raia nayo yanaweza kusimamishwa baada ya miezi 6 nje, kutegemea uraia wake na historia yake ya kazi. Raia halimgusi hilo, ingawa ataendelea kuwasilisha taarifa za kodi Marekani, na akaunti zake za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 lazima aziripoti. Mwenye sifa za kuapa uraia aape kwanza, ndipo afungashe.

"Mgeni haruhusiwi kumiliki nyumba"

Anaruhusiwa. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1917 inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani na 50 kutoka pwani. Huko hununua kupitia fideicomiso, yaani benki inashika hati kwa niaba yake. Chapala iko mbali na vyote viwili, hivyo hati inaandikwa jina lako, baada ya wewe kukubali kwamba kwa mali hiyo hutakimbilia ulinzi wa serikali yako.

Hatari iko kwingine. Kuna ardhi ya ejido, yaani ya wakulima wa kijiji kwa pamoja, na ya jamii za wenyeji, isiyouzwa hivihivi, hata muuzaji akikuonyesha karatasi yenye mhuri. Wacoca, wenyeji wa asili wa Mezcala, mashariki zaidi kwenye ukingo huohuo, walipigania mahakamani kwa miaka mingi ardhi yao iliyojengwa na mtu wa nje. Ukingo wa ziwa nao ni mali ya taifa. Ziwa lina kina kifupi, kwa hiyo maji yakishuka mita chache tu ufuko unasogea mbali sana, kama ilivyotokea vibaya 2001 na 2002. Ile nyasi inayoachwa mbele ya ukuta wako si kiwanja chako.

"Ziwa ni la kuogelea"

Wanaoogelea ni wachache. Mto Lerma unaingiza maji yaliyopita kwenye mashamba na viwanda vya majimbo kadhaa, na magugu maji, yaleyale yanayowatesa wavuvi wa Kisumu na Mwanza, huziba ukingo misimu mingine. Maji ya kunywa hununuliwa kwa madumu ya lita 20.

"Ajijic hakuna uhalifu"

Jalisco, jimbo ambamo Chapala na Ajijic zimo, ndiko lilikoanzia genge la dawa za kulevya la CJNG, na familia nyingi za jimbo hilo zinatafuta ndugu waliopotea. Ni kweli pia kwamba kwa miaka kadhaa Marekani, ikiwaonya raia wake kuhusu Jalisco, haikuwazuia watumishi wake kwenda Chapala na Ajijic. Ukifika uliza majirani Wamexico, si wageni wenzako peke yao.

"Wenyeji wanafurahi, tunawaletea pesa"

Wapo wanaofaidika. Lakini kijana aliyezaliwa Ajijic, mwenye mshahara wa peso, anashindania chumba na mtu wa pensheni ya dola. Aliyeona viwanja vya Lamu na Diani vikichukuliwa na watu wa nje anaijua hasira hiyo.

Kwa hiyo panga nyumba kwanza, usinunue, mpaka umeonja Mei ya joto na vumbi, Agosti ya radi za usiku, na Januari ya asubuhi za baridi kwenye nyumba isiyo na chochote cha kuipasha joto. Jifunze Kihispania cha sokoni na cha hospitalini. Na siku ya kusaini hati kwa notario, mwanasheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, uwe na mtafsiri rasmi uliyemchagua mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali.