Kodi bluu si tangazo la msiba

Wiki hii imetokea tena. Ndugu wa mgonjwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi, kipaza sauti kikaita "kodi bluu", tukapita mbio na toroli ya dawa. Hata kitandani hatujafika, mama mmoja akapiga yowe: "Amekufa! Ndivyo wanavyosema mtu akiwafia!" Kijana wake akapiga simu Sengerema. Mapigo ya moyo ya yule mzee yaliporudi, kule nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa na majirani wanaleta kuni.

Nafanya kazi idara ya dharura hapa Mwanza, na dhana hii inaniumiza kuliko zote. Kwenye hospitali nyingi zenye mwito huo, kodi bluu maana yake moyo wa mtu umesimama au ameacha kupumua, timu ifike sasa hivi. Maiti hatuikimbilii. Tunakimbia kwa sababu nafasi bado ipo, na ni finyu: ubongo ukikosa damu dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika. Ndiyo maana hakuna anayesimama mlangoni kukujibu. Mmoja anakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Mwingine anapumulisha kwa mfuko, mwingine anatafuta mshipa wa kupitishia adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, mwingine kashika saa. Anayekandamiza hupokewa kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hajajua. Mbavu zikilia, ndugu hudhani tunamuua. Zinavunjika kweli, lakini mbavu huunga.

Wengi hawarudi, sitawadanganya. Hata Marekani, katika watu wazima ambao moyo umesimama wakiwa hospitalini, ni karibu robo tu wanaoruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hai. Lakini hiyo robo ni baba za watu. Nani yumo, hatuwezi kujua bila kujaribu, na hatuwezi kujaribu vizuri mlango ukiwa umejaa watu wanaolia.

Kwa hiyo nawaomba, na nitawaomba kila zamu: chagueni ndugu mmoja mwenye moyo mgumu akae karibu na nesi, mkononi ana karatasi yenye dawa zote anazotumia mgonjwa. Sukari, presha, na za mitishamba pia, msizifiche! Wengine kaeni pembeni, na simu ya nyumbani isubiri mpaka daktari aje kuzungumza nanyi.

"Bluu si ndiyo ya marehemu?" Kuna mfumo wa kupanga wagonjwa kwa rangi, kufuatana na uzito wa hali zao, uliotoka Afrika Kusini ambao kweli humpa aliyefariki rangi ya bluu. Hiyo ni rangi ya mapokezi, wala haihusiani na mwito wa kipaza sauti. Na kwa kuwa tumefika mapokezini: mwenye nyekundu hutangulia, hata kama wewe wa kijani umefika tangu alfajiri.

Wengine husema kodi nyekundu ni mgonjwa anayevuja damu. Kwa kawaida ni moto. Ukiisikia, mfuate mhudumu na usipande lifti.

Zile orodha za rangi zinazosambazwa kwenye simu, zifute. Misimbo haifanani dunia nzima. Kodi nyeusi kwa hospitali nyingi za Marekani ni tishio la bomu. Australia ni mtu anayetishia wenzake, na bomu kwao ni zambarau.

Na ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme haifufui moyo ambao mstari wake kwenye skrini umenyooka, filamu zisikudanganye. Hushtua moyo unaotetemeka ovyo. Uliolala kabisa unahitaji mikono na adrenalini.

Wenzangu wa mialoni, Igombe mpaka Kayenze, kwenu hakuna kipaza sauti. Mtoto akitolewa ziwani hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Muda unapotea, na akitapika matapishi huingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi kwanza, mbili hadi tano. Kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, usiache, huku mwenzako akitafuta gari.