Akisema "sí", bado sijaambiwa kitu

Mama alikaa ukingoni mwa kiti, kichanga cha wiki sita mgongoni ndani ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kijana wake wa miaka tisa pembeni. Nikamwuliza kwa Kihispania kama analala vizuri. "Sí", yaani ndiyo. Anapata chakula cha kutosha? "Sí." Kuna mtu wa kumsaidia nyumbani? "Sí." Anashinda peke yake kutwa nzima? "Sí." Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na kwa miaka kadhaa sasa nahudumia familia za Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, hapa Oakland, California. Kihispania nilijifunza ukubwani, na nilipoanza kukimudu nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe mama yule ni wa Huehuetenango, nyanda za juu za Guatemala, na lugha yake ni Kimam, mojawapo ya lugha 22 za Kimaya zinazotambuliwa nchini humo. Wasemaji wake wanapita nusu milioni, na Oakland wamejaa kiasi kwamba utakisikia kituo cha basi. Kwake yeye Kihispania ni lugha ya sokoni na ya wakubwa. Mkubwa akikuuliza, jibu la adabu ni "sí". Ni bibi yule yule wa kijijini anayemwitikia daktari "ndiyo baba, ndiyo baba", kisha akifika nje anamwuliza mjukuu: "Amesemaje?"

Kijana alijitolea kutafsiri. Lakini mezani nilikuwa na dodoso la Edinburgh, maswali 10 ya kupima sonona kwa mama aliyejifungua, na la mwisho linauliza kama katika siku saba zilizopita amewahi kufikiria kujidhuru. Kanuni za huduma za afya Marekani zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Hata zisingekataza, mtoto wa miaka tisa hamwulizi mamake swali kama hilo. Nikampa kalamu za rangi, nikashika simu.

Mkalimani wa kwanza alizungumza Kimam cha upande wa San Marcos, mkoa jirani na kwao mama. Mama akamsikiliza, akatabasamu, akajibu… "sí". Kimam cha mji huu na cha mji ule hupishana hadi watu wakaachana njiani. Kesho yake asubuhi nikampata mtu wa Todos Santos, mji wa kwao mama huko Huehuetenango. Kiingereza hakijui, basi mimi nikasema Kihispania, yeye akakigeuza Kimam, na dakika 20 zikawa saa moja na nusu. (Wapo ofisini wanaoulalamikia muda huo. Waulalamikie.) Mama akaongea. Mumewe hutoka alfajiri kwenda kuezeka mapaa, naye hujifungia kwa ndani mpaka jioni kwa kuwaogopa watu wa uhamiaji. Hata takataka hatoi. Swali la kumi alilijibu kwa maneno mengi, na mkalimani akanyamaza kidogo kabla ya kuyafikisha. Jibu lenyewe silileti hapa, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane. Mchana ule ule alikuwa mbele ya mtaalamu.

Mimi, wa watu wote, sikupaswa kushangaa. Bibi mzaa mama ni Mzigua wa Handeni. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi bonde la mto Juba, Somalia, na wajukuu zao walipoletwa Marekani miaka ya 2000 kama wakimbizi, walipewa wakalimani wa Kisomali ilhali wengine nyumbani kwao ni Kizigua. Mtu katoka Somalia, mpe Kisomali. Katoka Guatemala, mpe Kihispania. Nami nikafanya hivyo hivyo, mjukuu wa Mzigua.

Siku hizi siulizi "unajua Kihispania?" kwa sababu jibu nalijua. Nauliza: mama yako alikuwa anakugombeza kwa lugha gani, na mkiwa mji gani? Na "umeelewa?" nimeiacha kabisa. Namwomba anieleze vile atakavyomweleza mumewe jioni.

Kwenye majina makosa ni mepesi, ila yanagharimu. Mlatino ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama baadaye. María García López ni García, lakini karani humwandika López, na chanjo za mtoto zinapotelea kwenye faili la mtu mwingine. Ali Hassan Juma anayajua haya.

Neno ninaloliogopa zaidi ni "notario". Amerika ya Kusini na ya Kati, notario ni mwanasheria mzito. Marekani, notary public si lazima awe mwanasheria; ni mtu aliyepewa muhuri wa kushuhudia saini. Sisi wenyewe tungenasa, maana kwetu mwenye muhuri huo ni wakili. Sasa mtu anatundika bango "Notario" dukani, anaahidi kibali cha kazi, kumbe anajaza ombi la hifadhi ya ukimbizi kwa Kiingereza ambacho mteja hakisomi. Ombi likikwama, mteja anaitwa mahakama ya uhamiaji kujibu maneno asiyowahi kuyasema. Asiye wakili haruhusiwi kushughulikia kesi hizo mpaka awe na idhini ya Wizara ya Sheria.

Kila familia ina mfuko wa plastiki wa makaratasi. Siku ya kwanza siuombi. Kwa mama wa Todos Santos niliuona ziara ya tatu, baada ya atol, uji wa mahindi wa moto ulioniunguza ulimi. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na risiti yenye muhuri mkubwa wa dhahabu na neno "Notario". Mumewe akaiangalia, akaniangalia. Wakili wa msaada wa kisheria atawaona Alhamisi saa nne, na yule mkalimani nimeshamweka kwa saa tatu nzima.