Kolera haiko tu kwa benye kuharisha

Pale Kituku, mu Goma, batu banachota maji ya ziwa Kivu mu bidoni ya njano, ukibauliza banakujibu "sisi tunakunywaka hii maji toka zamani na hatuharishe, njo kusema iko safi". Hapana jamani, batu wengi benye kushikwa na mikrobe ya kolera habaonyeshe alama yoyote lakini inatoka mu choo yabo siku 1 mpaka 10, na mvua ikinyesha inaweza kushuka tena mu ziwa. Ukitaka kujua ni batu ngapi mikrobe ya kolera ilishika, kuhesabu benye kulazwa tu hakutoshe (ata kidogo!). Unapima pia damu ya benye hawagonjwe, unatafuta alama za kinga ya kolera, na unauliza kila mumoja anachota wapi, anatia kloro ao hapana.