Kuacha Sigara kwa Mwenye Maradhi ya Thairoidi au Adrenali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi anapoacha, wiki za mwanzo humkuta amechoka, hana subira, usingizi umepungua, choo kimekuwa kigumu na nguo zimeanza kumbana. Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi imelegea, yaani haitoi homoni za kutosha, hulalamikia karibu mambo hayo hayo. Hali hizo mbili zikimkuta mtu mmoja, yeye na walio karibu naye huanza kukisia, na katika kukisia huko ndiko dhana nyingi huzaliwa: kwamba sigara ilikuwa ikimsaidia, kwamba kuiacha kumemharibia homoni, kwamba afadhali arudie moja moja mpaka mwili utulie. Baadhi ya dhana hizo zina punje ya ukweli ndani yake, na hizo ndizo zinazohitaji kujibiwa kwa makini zaidi, kwa kuwa mgonjwa akiambiwa kwamba ni uongo mtupu na baadaye akakutana na ile punje, hatamwamini tena aliyemshauri.

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya koromeo, na homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya moyo, ya utumbo na ya mwili kutumia chakula. Hufanya kazi kwa amri ya homoni itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo maabara huiandika TSH: kwa kawaida thairoidi ikizembea TSH hupanda, ikizidisha kazi TSH hushuka. Adrenali ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa kotisoli (homoni ya kuukabili msongo), adrenalini na homoni inayotunza chumvi ya mwili.

Dhana: Sigara huilinda thairoidi, hivyo kuiacha ni kuiumiza

Hapa ndipo punje ya ukweli ilipo kubwa. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wengi umeonyesha kwamba wavutaji, kwa wastani, wana TSH iliyo chini kidogo, na ni wachache zaidi miongoni mwao wenye kingamwili zinazoishambulia thairoidi na kuilegeza. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba walioacha sigara walikuwa na hatari kubwa zaidi ya thairoidi kulegea katika miaka miwili hivi ya mwanzo, kisha hatari hiyo ikapungua. Mgonjwa anayesema kwamba thairoidi yake ilianza kusumbua baada ya kuacha sigara huenda hasemi uongo, wala hastahili kuambiwa kwamba ni mawazo yake tu.

Kinachopotosha ni hitimisho linalotolewa. Thairoidi iliyolegea hutambuliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi yenyewe, kinachomezwa mara moja kwa siku, ilhali saratani ya mapafu, kiharusi na mshtuko wa moyo havina kidonge cha namna hiyo. Tena moshi huo huo unaosemekana kuilinda tezi huongeza takriban mara mbili hatari ya ugonjwa wa Graves, ambao huifanya thairoidi ifanye kazi kupita kiasi. Isitoshe, moshi wa tumbaku una sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thaiosianati, nayo huzuia madini joto (iodini) kuingia katika tezi. Mahali ambapo chakula kina upungufu wa madini joto, wavutaji hupata rovu (uvimbe wa thairoidi shingoni) zaidi kuliko wengine, na mama anayenyonyesha akivuta, madini joto katika maziwa yake hupungua hata kama yeye mwenyewe hana dalili yoyote. Huo si ulinzi.

Dhana: Macho yakishatokeza, kuacha sigara hakuna maana tena

Katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili inaweza kushambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya mboni. Macho hutokeza, huwa mekundu, huhisi kama yana mchanga, mtu huanza kuona kitu kimoja kama viwili, na kwa wachache mshipa unaopeleka picha ubongoni hubanwa mpaka uono ukawa hatarini. Sigara ndiyo kichochezi kikubwa kinachojulikana cha ugonjwa huu wa macho ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukiondoa. Hatari huongezeka kadiri idadi ya sigara kwa siku inavyoongezeka, wavutaji hupata aina kali zaidi, na dawa za steroidi (zifanyazo kazi kama kotisoli) pamoja na tiba ya mionzi kwenye macho huwafaa kidogo kuliko zinavyowafaa wasiovuta. Iodini yenye mnururisho, inayotumika kutibu thairoidi iliyozidisha kazi, inaweza kuyazidishia macho maradhi, na wanaoathirika zaidi ni wavutaji. Waliowahi kuvuta kisha wakaacha wako katika hali bora kuliko wanaoendelea. Ni mara chache katika maradhi ya tezi mgonjwa kukabidhiwa jambo lenye uzito kama hili alifanye kwa mkono wake mwenyewe, na inasikitisha kwamba wengi huelezwa habari za vidonge na upasuaji kwa kirefu, na habari ya sigara kwa sentensi moja mlangoni wakati wa kutoka.

Dhana: Nimenenepa tangu niache, kwa hiyo dozi ya thairoidi ni ndogo

Inawezekana, lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Nikotini hupunguza hamu ya kula na kuongeza kidogo nguvu ambazo mwili huunguza hata ukiwa umepumzika. Ikiondoka, chakula hurudisha ladha na mwili hutumia kidogo. Wanaoacha bila dawa huongezeka kilo 4 hadi 5 kwa wastani katika mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ikiwa ni katika miezi 3 ya mwanzo, na hiyo ni hata kwa wale ambao thairoidi zao ni nzima kabisa.

Hatari huanza pale mgonjwa anapojiongezea levothairoksini ili apungue. Dozi iliyozidi huufanya moyo kwenda mbio, huweza kuuvuruga mdundo wake hasa kwa wazee, na ikiendelea kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, ambayo pengine tayari ilikuwa imedhoofishwa na miaka ya sigara. Njia iliyo sahihi ni kupima TSH kabla ya kuacha, kuipima tena wiki 6 hadi 8 baadaye, na kubadili dozi kwa matokeo hayo. Muda huo unatokana na jinsi homoni hii inavyokaa katika damu: nusu yake huchukua karibu siku 7 kuondoka, hivyo anayepima wiki moja baada ya kubadili dozi anasoma hali ambayo bado haijatulia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Wengi wanaoacha sigara ya alfajiri huweka kahawa mahali pake. Kahawa ikinywewa pamoja na levothairoksini huzuia sehemu ya dawa isifyonzwe, na kwa hiyo mtu huyu anaweza kweli kulegea thairoidi, si kwa sababu ameacha sigara, bali kwa sababu ya kikombe kilichochukua nafasi yake. Kidonge kinatakiwa kumezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, kisha kusubiri dakika 30 hadi 60, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi vitengwe nacho kwa saa 4.

Kahawa ina mtego wa pili. Kemikali za moshi, wala si nikotini, hulichochea ini kuvunja kafeini haraka. Moshi ukikoma, kasi hiyo hushuka katika siku chache, na kiasi kile kile cha kahawa huacha kafeini nyingi zaidi katika damu kuliko zamani. Mtu hutetemeka, moyo humwenda mbio, halali, naye husema kwamba ni arosto ya sigara au kwamba thairoidi imezidi kazi. Kupunguza kahawa kwa nusu katika wiki ya kuacha ni jaribio rahisi la kufanya kabla ya kulaumu tezi.

Anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini naye amtaarifu mtu wa maabara, kwani biotini nyingi huweza kupotosha vipimo vya thairoidi mpaka damu ya mtu asiye na ugonjwa ikasomeka kama ya mgonjwa.

Dhana: Mgonjwa wa adrenali anahitaji utulivu, na sigara humtuliza

Nikotini huuchochea ubongo kuamuru adrenali zitoe kotisoli, na pia huchochea kutolewa kwa adrenalini, ndiyo maana mapigo na shinikizo la damu hupanda kila sigara inapowashwa. Utulivu anaousikia mvutaji ni wa kuondokewa na kiu ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoileta. Mwenye ugonjwa wa Cushing, ambaye mwili wake tayari umejaa kotisoli, ana hatari kubwa ya magonjwa ya moyo, ya damu kuganda na ya mifupa kuvunjika. Sigara humuongezea uzito kwenye mzigo ule ule. Mwenye uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini anaweza kupandishwa shinikizo kwa ghafla na nikotini ya aina yoyote, hivyo huyu asianze bandiko wala chingamu ya nikotini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Dhana: Uchovu baada ya kuacha ni adrenali zilizochoka

Jina la adrenali zilizochoka lilienezwa na Mmarekani James Wilson mwaka 1998, na vyama vya madaktari wa homoni havilitambui kuwa ugonjwa, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba adrenali nzima huchakaa kwa msongo wa maisha au kwa kuacha sigara. Uchovu ni wa kweli. Jina ndilo lisilo na msingi. Dawa zinazouzwa kwa jina hilo si salama kama zinavyotangazwa: uchunguzi wa bidhaa 12 za aina hiyo uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikuta homoni ya thairoidi ndani ya zote, na steroidi ndani ya nyingi. Mwenye maradhi ya thairoidi anayezimeza huongeza dozi yake bila kujua.

Ugonjwa uliopo kweli ni ule ambao Thomas Addison aliueleza London mwaka 1855, ambapo adrenali huharibika na kushindwa kutoa kotisoli, ama kwa kushambuliwa na kinga ya mwili au kwa kifua kikuu. Dalili zake hazifanani sana na za aliyeacha sigara ukizitazama vizuri: mtu hupungua uzito badala ya kuongezeka, hutamani chumvi, huona kizunguzungu anaposimama, hutapika, na ngozi hukoleza weusi kwenye mikunjo ya viganja, makovu na fizi. Hutambuliwa kwa kupima kotisoli ya asubuhi na jinsi tezi inavyoitikia homoni ya kuichochea.

Ugonjwa huu na wa thairoidi huweza kumpata mtu mmoja, na hapo utaratibu wa matibabu ni muhimu mno: levothairoksini ikianzishwa kabla ya upungufu wa kotisoli kutibiwa, mwili huimaliza haraka ile kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka kwa hali ya hatari. Kwa hiyo aliyeacha sigara, akaambiwa thairoidi imelegea, kisha akazidi kudhoofika na kukonda baada ya kuanza dawa, asisubiri tarehe ya kliniki.

Anayetumia haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli iliyokosekana, hana haja ya kujiongezea dozi kwa sababu ya arosto peke yake. Homa, ajali na upasuaji ndivyo vinavyodai nyongeza, na kutapika kunakozuia dawa kukaa tumboni kunadai sindano na hospitali. Kuiacha dawa hiyo ghafla hakuruhusiwi kwa sababu yoyote.

Dhana: Dawa za kuacha sigara hazimfai mwenye matatizo ya homoni

Wengi zinawafaa. Bandiko na chingamu vina nikotini bila moshi, na kwa mwenye thairoidi iliyolegea anayepata tiba havina kizuizi cha pekee. Thairoidi iliyozidi kazi na ambayo bado haijadhibitiwa inahitaji uangalizi, kwa kuwa nikotini na homoni hiyo vyote huusukuma moyo. Vareniklini, kidonge kisicho na nikotini cha kupunguza hamu ya sigara, hutolewa mwilini zaidi kupitia figo, hivyo kinachoangaliwa kwanza ni afya ya figo. Bupropioni, kidonge kingine cha kusaidia kuacha sigara, inaweza kuleta degedege kwa baadhi ya watu, na steroidi za kumeza zimo katika orodha ya vitu vinavyoongeza hatari hiyo. Anayezitumia aseme mapema.

Dhana: Nitabaki na moja kwa siku mpaka homoni zitulie

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Na kusubiri homoni zitulie hakuna mwisho unaojulikana, kwani katika ugonjwa wa Graves sigara yenyewe ni mojawapo ya vinavyozifanya zisitulie.

Kalenda husaidia kutenganisha mambo. Arosto huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, hupungua kadiri siku zinavyopita, na kwa wengi huwa imelegea sana ifikapo wiki ya 4. Uchovu, baridi isiyo ya kawaida, ngozi kavu na choo kigumu vinavyoanza au kuzidi mwezi wa 3 au wa 6, wakati arosto ilikwisha kupita, ni kazi ya maabara kuvieleza, na TSH ipimwe hata kama ile ya kabla ya kuacha ilikuwa sawa.