Nyumba imeongezwa bafu: je, hita ya maji iliyopo itatosha?

Mvua za masika zikishaisha na mafundi wa Arusha kurudi kwenye kazi zilizosimama, mimi ninayefunga mifumo ya maji moto huulizwa swali lilelile: nyumba imeongezwa vyumba viwili na bafu, je, hita iliyopo itatosha? Mwenye nyumba huanza kwa kunitajia idadi ya vyumba, nami humwomba kwanza anitajie idadi ya watu wanaooga kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi. Idadi ya vyumba ina uzito katika miongozo ya Uingereza, ambako boila, yaani mtambo wa kupasha maji, hupasha joto vyumba vyenyewe pia, hivyo kila ukuta unaoongezwa huhesabiwa. Kwetu hita hupasha maji tu, na kinachoielemea ni ile saa ambayo watoto wanawahi shule na wazazi wanawahi kazini.

Tuchukue hita ya lita 100 yenye elementi (koili ya umeme inayopasha maji) ya kilowati 1.5, ambayo naikuta katika nyumba nyingi za Njiro na Sakina hapa Arusha. Asubuhi moja ya Julai nilipima maji ya bomba nikapata nyuzi 17. Kuyapandisha maji hayo hadi nyuzi 60 kunakula takriban uniti 5 za umeme, maana yake ni saa tatu na dakika ishirini. Anayeoga kwa dakika nane kwenye shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, katika joto la nyuzi 40, hutumia lita 34 hivi za maji moto, na zilizobaki ni za baridi. Kwa hesabu ya karatasi tangi hilo lingehudumia watu watatu, lakini kwa kuwa maji baridi huingia kadiri ya moto yanavyotoka, mtu wa tatu huishia kwenye uvuguvugu. Ukiongeza bafu la pili, wawili wataoga kwa wakati mmoja na wa tatu atasubiri zaidi ya saa mbili ili tangi lipate moto upya. Elementi ya kilowati 3, ikiwa tangi limetengenezwa kuipokea, hupunguza muda wa kupasha kwa nusu, na mara nyingi hilo ndilo suluhisho la bei nafuu kuliko yote.

Lakini hita si mkosaji kila mara. Kuna familia moja ya Moshono iliyonunua hita mpya ya lita 200 kabla ya kuniita, na bafu jipya likaendelea kutoa maji baridi. Bafu hilo lilikuwa mita 18 kutoka kwenye tangi, kwa bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, hivyo kila aliyefungua koki alimwaga kwanza zaidi ya lita 5 zilizopoa bombani. Iliniuma kuona fedha ile yote imetumika, kwa sababu hita ndogo ya lita 30 iliyofungwa ukutani mwa bafu lenyewe ingemaliza tatizo. Tangu hapo, umbali ukizidi mita 10 napendekeza hita ya pili.

Anayepandisha ghorofa aangalie pia tangi la maji baridi lililo juu ya mnara, linaloisukumia nyumba maji. Kila mita ya kimo huleta msukumo wa takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha msukumo); kwa hiyo tangi hilo likiwa mita moja tu juu ya shawa mpya, hakuna hita itakayoleta maji ya kutosha, na tiba yake ni kuinua mnara au kufunga pampu.

Kwa upande wa umeme sitoi nafasi ya majadiliano. Hita ya kilowati 3 huvuta ampea 13 kwenye volti 230, kwa hiyo ipewe laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5 na breka yake. Kuiunga kwenye laini ya soketi za vyumba vipya ni kuihatarisha familia iliyolala humo.

Kabla ya plasta kupigwa, fanya kipimo hiki: acha hita iwake hadi ijizime, izime kwenye swichi, kisha fungua maji moto peke yake na ujaze ndoo za lita 20 ukipima kila moja kwa kipimajoto. Kwa hita ya lita 100, ikiwa ndoo ya tatu tayari iko chini ya nyuzi 45, tangi limejaa chokaa au thamostati, kifaa kinachoizima hita maji yakishapata moto, imechoka, na irekebishwe kwanza kabla ya kuulizwa ibebe bafu la pili.